Pampu ya busta ya bwawa la kuogelea: Soma bamba la mota kabla hujatuma fedha

GISENYI, Rwanda – Mfanyabiashara anayepokea oda ya "pampu ya busta" kutoka hoteli ya Gisenyi anaweza kupata hasara kwa njia tatu kabla hata pampu haijafungwa. Anaweza kununua pampu ya kazi nyingine kabisa. Anaweza kununua ya kazi yenyewe lakini ya umeme usiotumika huku. Au anaweza kununua pampu nzima wakati kilichokufa ni sili, kipande kinachoenea kiganjani. Katika yote matatu kosa hugunduliwa mzigo ukishafika, kodi imeshalipwa na muuzaji yuko ng'ambo ya bahari.

Gisenyi, ambayo tangu mageuzi ya utawala ya mwaka 2006 imo katika wilaya ya Rubavu, ni mji wa hoteli za kando ya Ziwa Kivu na papo hapo ni mji wa mpaka. Wageni wake wengi wa mwisho wa wiki hutoka Kigali, safari ya kilomita kama 155, na bwawa la kuogelea ni sehemu ya kile wanacholipia. Meneja ambaye bwawa lake limetua tope siku ya Ijumaa hana muda wa kujadili masafa ya umeme. Anapiga simu, anasema "nitafutie busta", anakata. Kuanzia hapo hatari yote inahamia kwa anayetafuta.

Busta si moja

Katika maduka ya vifaa vya ujenzi kuanzia Dar es Salaam hadi Kampala, ukitaja busta unapewa pampu ya nyumbani ya kusukuma maji ya tangi yafike bafuni kwa nguvu. Huwaka yenyewe bomba likifunguliwa na kuzima likifungwa. Upande wa Goma, wanaotumia Kifaransa huiita surpresseur, na jina hilo nalo halitofautishi pampu ya bafuni na ya bwawa.

Ya bwawa ni nyingine. Kila bwawa lina pampu kubwa inayovuta maji, kuyapitisha kwenye chujio na kuyarudisha. Kisafishaji kinachoendeshwa kwa presha, kwa mfano Polaris 180, 280 au 380, hutembea sakafuni mwa bwawa kwa nguvu ya maji yanayoletwa na bomba lake maalumu linalotokea ukutani. Maji hayo huzungusha magurudumu, na sehemu yake hurushwa juu kwa kasi hadi kuvuta mchanga na majani na kuviingiza kwenye mfuko. Presha ya pampu kubwa peke yake haitoshi kwa kazi hiyo. Ndipo huongezwa busta baada ya chujio: inapokea maji ambayo tayari ni safi, inayapandisha presha na kuyapeleka kwa kisafishaji tu.

Yaani busta ya bwawa haivuti maji, hupewa. Pampu kubwa ikizimwa na busta ikabaki inazunguka, itazunguka kavu, na sili yake itaungua kwa muda mfupi. Tofauti nyingine na pampu ya bafuni ni mwili wake: pampu nyingi za bei nafuu za nyumbani zina mwili wa chuma cha kalibu, na maji ya klorini hula chuma hicho hadi kutu ikamwagika bwawani. Kufunga pampu ya bafuni mahali pa busta kwa sababu hesi zake zimekubali ni kuahirisha gharama kwa wiki chache.

Kwanza, ni kweli imekufa?

Kisafishaji kikizubaa haimaanishi kuwa busta imekufa. Kwa Polaris 280 kipimo ni rahisi: kikiwa chini ya maji huku kinafanya kazi, gurudumu lizunguke kati ya mara 28 na 32 kwa dakika. Likipungukiwa, cha kwanza kutazamwa ni chujio kuu, kisha kichujio kidogo kilicho kwenye kiungo cha ukutani, kisha mpira wenyewe kama umepasuka. Hoteli zilizobadilisha pampu kubwa na kuweka ile ya kasi inayobadilika zichunguze jambo jingine: pampu hiyo ikiwekwa kasi ya chini ili kuokoa umeme, busta hukosa maji ya kutosha na kisafishaji hulala ingawa hakuna kilichoharibika.

Rubavu ina sababu yake ya ziada. Baada ya mlima Nyiragongo kulipuka tarehe 22 Mei 2021, matetemeko yaliyofuata yalipasua majengo na barabara katika wilaya hiyo. Bomba la kisafishaji hupita chini ya sakafu ya zege. Bomba lililopata ufa huvujisha presha ardhini, na busta mpya itavujisha vilevile. Njia ya kulijua ni kuziba mwisho wake ukutani, kulijaza maji kwa presha ndogo na kuangalia kama geji inashuka.

Yakishaondolewa hayo, busta yenyewe husema inachougua. Maji yanayodondoka kati ya pampu na mota ni sili. Mlio mkali wa kukereza ni beringi, na mara nyingi beringi huharibiwa na sili iliyovuja muda mrefu bila kushughulikiwa. Mota inayonguruma bila kuzunguka inaweza kuwa na kapasita iliyokufa, au imekwama. Swichi kuu inayoruka kila busta ikiwashwa inaonyesha kuwa maji yamefika kwenye waya za ndani. Sili, beringi na kapasita hubadilishwa na fundi yeyote makini wa pampu, na bei yake ni sehemu ndogo ya bei ya pampu. Ni mota iliyoungua waya au mwili uliopasuka ndivyo vinavyohalalisha oda ya pampu nzima, na hata mota huweza kusukwa upya.

Kwa hiyo kabla ya kutafuta bei, anayepokea oda aombe picha mbili kwa simu: picha ya bamba la mota na picha ya mahali maji yanapotokea. Meneja atanung'unika. Na anung'unike.

Hz 60 na Hz 50

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa sababu kosa lenyewe halionekani kwa macho.

Rwanda, Kongo, Uganda, Kenya na Tanzania zote hutumia umeme wa Hz 50, na voti kati ya 220 na 240. Marekani, ambako visafishaji vya Polaris vina soko kubwa, hutumia Hz 60. Mota nyingi za busta zilizotengenezwa kwa soko hilo huandikwa 115/230 V. Mnunuzi anaona 230, anajua kwake ni 230, anaridhika. Namba ndogo iliyo pembeni, 60, haisomi.

Mota ya aina hii hufuata masafa ya umeme. Ile inayozunguka mara 3,450 kwa dakika kwenye Hz 60 itazunguka kama mara 2,875 kwenye Hz 50. Upungufu huo wa sehemu moja kati ya sita unaonekana mdogo, lakini presha ya pampu za aina hii haishuki kwa kiwango hicho hicho. Hushuka kwa mraba wa mwendo. Tano ya sita mara tano ya sita ni kama asilimia 69. Busta imefika, inazunguka, haivuji, haina kelele, na inatoa presha pungufu kwa karibu theluthi moja. Kisafishaji kinajikokota kona moja ya bwawa. Fundi anabadilisha mpira, anabadilisha mfuko, analaumu kisafishaji.

Wakati huo mota nayo inateseka. Voti zikibaki zilezile masafa yakashuka, chuma cha ndani hubebeshwa sumaku kupita kipimo chake na mota hupata joto. Siku ya baridi inaweza kuvumilia. Siku umeme unapopanda voti kidogo, inazima yenyewe au inaungua.

Je, inaweza kurekebishwa? Kusuka mota upya kwa kipimo cha Hz 50 kunaondoa joto lakini hakuongezi mwendo, hivyo presha inabaki pungufu. Mashine ya kubadili masafa haifai kwa mota ya fezi moja yenye kapasita. Kinachotakiwa ni pampu iliyoundwa tangu mwanzo kwa Hz 50, ambayo impela yake ni kubwa kidogo ili kufidia mwendo. Watengenezaji huiuza kwa namba tofauti ya modeli. Namba hiyo ndiyo ya kuandikwa kwenye oda, maana jina la kampuni halitoshi.

Wanaonunua Dubai wasijione salama kwa kuwa Falme za Kiarabu hutumia Hz 50. Saudi Arabia jirani yake hutumia Hz 60, na maduka ya Dubai huuzia nchi zote mbili. Bamba likiandikwa 50/60 Hz, muulizaji aendelee kuuliza: presha ni kiasi gani kwenye 50? Muuzaji anayejua bidhaa yake atatoa jedwali lenye safu mbili.

Jambo jingine ni swichi ya kuchagua voti. Mota za 115/230 huwa na swichi au waya wa kubadilisha nyuma ya kifuniko. Ikiachwa kwenye 115 na kupewa 230, haimalizi dakika nyingi. Na hakuna dhamana inayofidia hilo.

Kuhusu mwinuko, Ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na vipimo vya kawaida vya mota huhesabiwa hadi mita 1,000 na joto la digrii 40. Hewa nyepesi hupooza mota kidogo zaidi, lakini Gisenyi si mji wa joto, kwa hiyo mwinuko usimtishe mtu mradi mota haikufungiwa kwenye kibanda kisicho na dirisha.

Hesi zinazodanganya

Busta za Kimarekani nyingi huwa na matundu ya robo tatu ya inchi yenye hesi za mfumo wa NPT. Mabomba na viungo vinavyouzwa Afrika Mashariki hufuata mfumo wa Uingereza, BSP. Kwa ukubwa huo mifumo yote miwili ina meno 14 kwa inchi, kwa hiyo kiungo huingia na kuzunguka mara kadhaa kama kwamba vinalingana. Havilingani. Pembe ya jino la NPT ni digrii 60 na ya BSP ni 55. Fundi akilazimisha kwa spana, mwili wa plastiki unapasuka. Akilegeza, maji yanatoka. Dawa yake ni viungo viwili vya kubadili hesi, ambavyo ni vya bei ndogo ajabu na ambavyo havipatikani siku vinapohitajika. Viagizwe pamoja na pampu, kwenye sanduku lilelile.

Kuifunga

Umeme ukatwe kwenye swichi kuu, si kwenye taima, kwa sababu taima inaweza kuiwasha busta mikono ikiwa ndani. Kapasita huhifadhi umeme hata baada ya kukatwa, hivyo huondolewa chaji kabla ya kuguswa. Valvu hufungwa, busta ya zamani hutolewa, na mpya huwekwa kwenye msingi ulio sawa, ulioinuka kuliko maji ya mvua, na kukazwa kwa bolti. Hupokea maji baada ya chujio, na baada ya hita kama ipo. Kifaa cha kutia klorini kikae baada ya tawi la busta, pamoja na valvu ya kuzuia maji kurudi nyuma, la sivyo klorini kali itapita ndani ya busta na kula sili. Pande zote mbili hutumiwa mpira ulioimarishwa kwa nyuzi, na viungo vya plastiki hukazwa kwa mkono kwanza, kisha robo mzunguko tu.

Waya wa ardhi ni lazima, pamoja na swichi inayokata umeme unapovuja kiasi cha miliampea 30. Hiki ni kifaa cha umeme kinachosukuma maji kuelekea watu walio ndani ya maji, na hapa mnunuzi asikubali punguzo la fundi.

Kisha pampu kubwa huwashwa kwanza, hewa hutolewa, maji hujaa kwenye busta, ndipo busta huwashwa. Taima hupangwa ili busta ianze angalau nusu saa baada ya pampu kubwa na izime nusu saa kabla yake. Kwenye mji ambako umeme hukatika na jenereta kuingia, taima za kizamani hupishana saa, kwa hiyo afadhali busta iungwe kwa kontakta isiyoweza kuiwasha kama pampu kubwa imezimwa. Maji nayo yana neno: mto Sebeya, unaolisha mtambo wa maji wa Gihira, hujaa tope wakati wa mvua, na maji ya Ziwa Kivu yana madini mengi yanayoacha magamba. Chujio lisiposafishwa mara kwa mara, tope na magamba hufika kwenye sili.

Hesabu ya mpakani

Tuchukue mfano wa namba za duara. Pampu ni dola 450, usafiri na bima dola 150. Thamani ya forodha ni dola 600. Kodi ya ongezeko la thamani nchini Rwanda ni asilimia 18, yaani angalau dola 108 kabla ya tozo nyingine, na mwagizaji asiye na cheti cha kutodaiwa kodi huongezewa zuio la asilimia 5 ya thamani hiyo. Pampu inayokuja na mota yake hutamkwa chini ya kichwa cha 8413. Mota peke yake ni 8501, na sili za kimakenika ni 8484. Ankara iandike hivyo hivyo. Neno "spea" pekee humkaribisha ofisa kufungua sanduku na kupanga upya, na siku zinapita.

Hoteli iliyosajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani, ambayo ni lazima kwa mauzo yanayozidi faranga milioni 20 kwa mwaka, hurejeshewa zile dola 108 ikiwa ina tamko la forodha kwa jina lake au ankara ya mashine ya EBM kutoka kwa mfanyabiashara. Pampu iliyopitishwa ndani ya mfuko haina ankara. Muuzaji anadhani amempunguzia mteja bei, kumbe amemnyima kodi ya kurejeshewa na gharama ya kuingiza kwenye vitabu vyake. Kwa hoteli iliyosajiliwa, ya magendo mara nyingi ndiyo ghali.

Na ikiwa pampu ni ya Hz 60? Dola 600 zimekwama kwenye chuma kisichouzika mjini hapo, nauli ya kuirudisha ni ya mwagizaji, na ya pili inaanza safari upya: kama kilomita 1,500 kutoka Dar es Salaam hadi Kigali, au 1,700 kutoka Mombasa, kama haikuja kwa ndege.

Kongo ilijiunga kikamilifu na Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 2022, na baadhi ya wafanyabiashara wadogo huuliza kama cheti rahisi cha asili, kile cha mizigo isiyozidi dola 2,000, kinaweza kuokoa pampu. Hakiwezi. Cheti hicho ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya jumuiya, na kununuliwa Kampala au Nairobi hakubadili mahali pampu ilipotengenezwa.

Wanaovusha mota kwa ajili ya matengenezo, iwe kutoka Gisenyi kwenda Goma au kinyume chake, wahakikishe namba ya mota imeandikwa kwenye hati za forodha kabla ya kuvuka, Corniche au Petite Barrière. Sheria ya forodha ya jumuiya inaruhusu kuingiza kitu kwa muda usiozidi miezi 12 na kukitoa tena. Bila namba hiyo, mota inaporudi inang'aa rangi mpya, ofisa ana haki ya kuuliza ilinunuliwa wapi.

Wasipotaka busta tena

Si kila bwawa linahitaji busta. Polaris 360 huendeshwa na maji ya pampu kubwa bila busta. Visafishaji vya kuvuta, ambavyo huungwa upande wa pampu kubwa unaovuta maji, havina busta wala mota yake. Kreepy Krauly, kilichobuniwa Afrika Kusini na Ferdinand Chauvier mwaka 1974, ni cha jamii hiyo, na vipuri vya jamii hiyo husafiri kwa urahisi kutoka kusini. Ubaya wake ni kuwa uchafu wote huishia kwenye kikapu na chujio kuu, na kwa bwawa lenye miti mingi pembeni hilo ni kazi ya kila siku.

Roboti ya umeme haihitaji bomba lolote. Bei yake ni kubwa zaidi, na ikiharibika bodi yake ya ndani, fundi wa kuifungua katika eneo hili ni wa kutafutwa kwa tochi. Hoteli ambayo tayari ina bomba ukutani na fundi anayejua sili ina sababu ya kubaki na busta. Bwawa jipya halina sababu hiyo, na mkandarasi anayechimbia bomba la busta kwa mazoea aulizwe kwa nini. Kwa anayeagiza roboti, bamba la kusoma ni la transfoma yake: upande wa kuingiza umeme uandikwe 230 V na Hz 50.